Tusingewasha

Haya tunayowasimulia tungependelea yawe yamemfika mtu mwingine. Mmoja wetu ni mhandisi wa mitambo, mwenye shahada ya hapa hapa Uingereza na umri uliovuka hamsini, na ndiye aliyetia petroli katika gari la dizeli. Mkewe alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Tulikuwa tunatoka Birmingham kwenda London kuzika. Marehemu alikuwa mzee wetu. Tulipofika nchi hii tukiwa wanafunzi, hatuna hata koti la baridi, ndiye aliyetupokea. Maziko yalikuwa baada ya adhuhuri. Njiani tukaingia kituo cha mafuta, na simu ikalia: wafiwa wanauliza tumefika wapi. Mmoja akawa anazungumza, mwingine anamjibia kupitia dirishani, huku mkono umeshika pampu ya kijani. Huku kwa kawaida ya kijani ni petroli, nyeusi ni dizeli.

"Bwana, hiyo si ya kijani?"

Lita 18 zilikuwa zimeshaingia.

Nyumbani tumezoea kijana wa sheli atutilie. Huku unajitilia mwenyewe. Tena mdomo wa pampu ya petroli ni mwembamba kuliko ule wa dizeli, kwa hiyo unaingia katika tangi la dizeli bila ubishi. Kutia dizeli katika gari la petroli ni vigumu zaidi, kwani mara nyingi mdomo hukataa kuingia.

Hapo elimu ikaanza kututafutia udhuru. Mhandisi akasema injini za dizeli za zamani zilikuwa na uvumilivu, na vitabu vya baadhi ya magari hayo viliruhusu petroli kidogo wakati wa baridi kali ili dizeli isigande. Tujaze dizeli juu yake, petroli itakuwa kama theluthi moja tu, twende zetu.

Lakini alijua anachokificha. Katika magari ya siku hizi, dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya mafuta inayofanya kazi kwa shinikizo kubwa mno. Petroli huosha ule ulaini. Chuma kikasagana na chuma, chembechembe zake husafiri hadi kwenye nozeli, na nyingine hurudi mpaka ndani ya tangi. Kusafisha tangi ni mamia ya paundi. Kubadilisha mfumo mzima ni maelfu.

"Na gari likizima katikati ya barabara kuu," mkewe akauliza, "tutamzika nani?"

Ufunguo ukahamia mkobani mwake. Hatukuugeuza hata nusu, kwa sababu katika magari mengi swichi ikifunguliwa tu, pampu iliyomo ndani ya tangi huanza kusukuma mafuta kabla injini haijawaka.

Mfanyakazi wa kituo hakushangaa hata kidogo. Akaizungushia pampu koni, akatupa namba ya mafundi wa kunyonya mafuta. Walikuja baada ya saa mbili. Wakatoa yote yaliyokuwa tangini, wakasafisha mabomba, wakatia dizeli mpya. Gari likawaka kama kwamba halikufanyiwa kitu. Wakati huo mzee wetu alikuwa ameshazikwa.

Njiani tukapatana kusema ilikuwa foleni. Nani atakayetuuliza? Tulipofika matangani jioni, mjane mwenyewe akauliza. Tukatazamana. Kisha mhandisi akasema kweli yote, mbele ya watu, mpaka habari ya zile lita 18.

"Na hamkuwasha?" akauliza.

"Hatukuwasha, mama."

"Basi mmefika. Kaeni mle."

Kesho yake asubuhi tukaenda makaburini, sisi wawili tu.

Ndugu wasomaji, kabla ya kutia mafuta tazameni alama: petroli ina duara, dizeli ina mraba, na gari jipya huwa nayo karibu na kifuniko cha tangi. Mkikosea, msiwashe. Semeni mmekosea, hata kama mna shahada. Sisi sasa tumebandika karatasi ndani ya kifuniko chetu, imeandikwa DIZELI kwa herufi kubwa. Mwandiko ni wa mke.

Tunawatakia safari njema.