Sentensi Isiyo na Mwenyewe

Kiingereza kina kosa moja ambalo walimu wake hawachoki kulisahihisha, na waandishi wake, hata waliobobea, hawaachi kulifanya. Sentensi huanza kwa kirai kinachoeleza tendo bila ya kumtaja mtendaji. Msomaji husubiri mtendaji aje. Badala yake huja mwengine asiyehusika. Mfano niliozoea kuutumia ni huu: «Walking along the shore, the lake looked calm.» Aliyekuwa akitembea ufukweni ni nani? Kwa jinsi maneno yalivyopangwa, ni ziwa lenyewe. Kirai kimebaki kinaning'inia, mfano wa kamba ya jahazi iliyotupwa gatini pasipo mtu wa kuipokea.

Mimi ni mtu wa Unguja, na miaka kumi na moja ya umri wangu niliitumia Bunda, mkoani Mara, nikifundisha Kiingereza katika sekondari. Wanafunzi wangu walitoka katika nyumba zinazosema Kiikizu, Kijita, Kizanaki, Kisukuma na Kijaluo, na wote walikutana katika Kiswahili. Kila nilipoiandika sentensi ile ubaoni, hakuna aliyecheka. Nilipowataka waitafsiri, kicheko kilikuja chenyewe. Mmoja alisema «nikitembea», wa pili «tukitembea», wa tatu «akitembea», mpaka akatokea mtundu mmoja akasema «likitembea», darasa zima likamwona ziwa Viktoria likijinyanyua na kushika njia ya Musoma.

Siri ya kicheko kile ni kwamba kitenzi cha Kiingereza katika kirai namna ile hakibebi nafsi, ilhali kitenzi cha Kiswahili aghalabu hakitoki nyumbani bila ya kiambishi cha mtendaji. Mfasiri hana budi kuchagua, na katika kuchagua huko kosa hufichuka. Ngeli nazo hutusaidia. Nikisema «nyumba ya mkulima iliyoungua», hakuna atakayedhani kuwa mkulima ndiye aliyepatwa na moto. Nikisema «aliyeungua», hakuna atakayekwenda kutazama kuta. Kijita na Kizanaki, kwa kuwa nazo ni lugha za Kibantu, zina kamba hizohizo za kufungia neno kwa neno. Ndiyo maana baadhi yetu hujigamba kwamba utata huu ni maradhi ya Wazungu, sisi tumekingwa.

Kinga hiyo ina matundu, na nitayataja matatu.

La kwanza ni kitenzi-jina, kile kinachoanza kwa «ku», ambacho hakina nafsi kama vile kile cha Kiingereza kisivyokuwa nayo. Mtu anaweza kuandika, wala asione kasoro: «Kwa kutumia kokoro, maofisa wa uvuvi waliwakamata wavuvi kumi.» Kokoro ni wavu uliopigwa marufuku ziwani, kwa kuwa hukomba hata vifaranga vya samaki. Mwandishi alikusudia kuwa wavuvi ndio walioutumia. Sentensi yake, hata hivyo, imewashitaki maofisa.

Tundu la pili ni kirejeshi pale wanapokutana watu wawili. «Mwanafunzi aliyemshitaki mwalimu amehamishwa.» Nani alimshitaki mwenziwe? Kiswahili huruhusu mtendaji aje nyuma ya kitenzi, hivyo maneno hayohayo humaanisha mwanafunzi aliyepeleka mashitaka, au mwanafunzi aliyeshitakiwa na mwalimu. Kama angekuwa anazungumziwa kitabu alichokisoma mwalimu, ngeli zingeamua. Lakini watu wote wamo katika ngeli moja, mshitaki na mshitakiwa, na hapo kamba zetu zinafanana rangi.

La tatu ni kiunganishi «wa» kinachomfuatisha mtu kwa mtu, kisha kirejeshi kikaja kukaa mwishoni. Hili nililiona likila shamba.

Katika kijiji kimoja kisicho mbali na Bunda alifariki mzee aliyeacha watoto wawili wa kiume, wote wameoa. Mkubwa alikuwa mvuvi, akilala visiwani wiki kwa wiki. Mkewe ndiye aliyebaki nyumbani, akimpikia mgonjwa uji na kumfuatia dawa zahanati. Mdogo alikuwapo kijijini, na ndiye aliyekuwa akimwogesha baba yake na kukesha naye usiku. Mkewe alishughulika na biashara mjini. Kabla ya kufa, mzee aliwaita wazee watatu wa ukoo, akasema wosia wake, ukaandikwa. Mstari mmoja ulisomeka hivi: «Shamba la bondeni apewe mke wa mwanangu aliyeniuguza.»

Msomaji, usome tena mstari huo. Aliyeuguza ni mke, au ni mwana? Kama ni mke, shamba ni la mke wa mkubwa. Kama ni mwana, shamba ni la mke wa mdogo. Wote wawili waliuguza, kila mmoja kwa namna yake. Kwa hiyo hata ukweli wa mambo yenyewe haukuweza kuiokoa sentensi. Wanawake wawili wenye haki ya kudai walisimama juu ya neno moja.

Shauri lilifika mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza la namna hiyo, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, huwa na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Niliitwa kwa kuwa nilijulikana kama mwalimu wa lugha, nikaulizwa sarufi inasemaje. Niliwajibu kwamba sarufi inakubali yote mawili. Mzee mmoja alinitazama kwa huzuni, akasema, «Basi, mwalimu, tutaulima huo ubishi?» Katika wale mashahidi watatu wa wosia, wawili walikwisha kutangulia mbele ya haki. Aliyebaki alisema kuwa marehemu alipotamka maneno yale alikuwa akimkusudia mwanamke. Upande wa pili ukasema kumbukumbu ya mzee wa umri ule si hati. Mwisho wake shamba liligawanywa kwa mstari wa mkonge, na hakuna aliyeridhika. Ndugu wale, nilipoondoka Bunda, walikuwa hawali tena sinia moja.

Linaloniuma ni kwamba dawa ilikuwapo, tena ndani ya Kiswahili chenyewe. Sisi watu wa pwani tunalo neno «mkazamwana», yaani mke wa mwana. Lau mwandishi angeandika «mkazamwana wangu aliyeniuguza», kirejeshi kingekuwa na mtu mmoja tu wa kumshika. Au angeikata sentensi mbili: shamba apewe fulani, yeye ndiye aliyeniuguza. Katika ule mfano wa shule, ingetosha kusema «aliyeshitakiwa na mwalimu».

Wala tusidhani kuwa ni vijijini tu maneno yanapoangamiza. Mwaka 1904 Roger Casement, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza katika Kongo, alitoa ripoti iliyoueleza ulimwengu mateso ya watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold katika uchumaji wa mpira. Miaka kumi na miwili baadaye mtu huyohuyo alisimama mahakamani London kwa kosa la uhaini, kwa kuwa alikuwa Ujerumani wakati wa vita akitafuta msaada wa kuikomboa Ireland. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha zama hizo, na ilimtaja mtu anayeshikamana na maadui wa mfalme katika milki yake, akiwapa msaada katika milki hiyo «au kwengineko». Mawakili wake walidai kuwa maneno «au kwengineko» yanahusu kutoa msaada peke yake, si kushikamana. Hivyo aliyeyatenda hayo nje ya milki hana hatia chini ya sheria hiyo. Majaji waliyafunga maneno yale kwa yote mawili. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Palibishaniwa pale jambo lilelile lililobishaniwa kijijini: fungu la mwisho la maneno limefungwa wapi?

Ukitoka Bunda kuelekea Musoma, Butiama iko karibu. Hapo ndipo alipozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, na ndipo alipozikwa mwaka 1999. Mwaka 1934 aliingia shule ya Mwisenge, Musoma. Mwaka 1952 alipata shahada yake Edinburgh. Watu humkumbuka kwa siasa, nami humkumbuka pia kwa kazi ya usiku ya mfasiri. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar; hakutosheka nayo, akairejea, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Anayefasiri kutoka Kiingereza hukutana na upungufu wetu pia: kiwakilishi cha Kiingereza hutenga mwanamume na mwanamke, ilhali «a» yetu haitengi. Pale Brutus na mkewe Portia wanapozungumza juu ya siri iliyofichwa, Kiswahili cha «alimwambia anamficha» hakitoshi kumwonyesha mfichaji. Rais mwenye nchi changa mikononi aliona inafaa kuirudia kazi ileile mara ya pili. Hilo ni somo la adabu mbele ya sentensi.

Musoma nayo imeingia katika historia hii kwa mlango wa mahakama. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika kwa Kiswahili hukumu katika shauri lililoihusu kampuni ya mgodi wa North Mara, wakati ambapo hukumu za mahakama hiyo ziliandikwa kwa Kiingereza. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akiitaja hukumu hiyo. Mwaka huohuo sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya kutolea haki mahakamani.

Nililipokea jambo hilo kwa furaha, kwani mwananchi asomewe hukumu yake kwa lugha anayoielewa. Lakini wosia wa mzee wa Bunda uliandikwa kwa Kiswahili safi, kisicho na neno moja la kigeni, na bado uliwagawa wanawe. Lugha kuwa yetu hakuifanyi sentensi iwe wazi. Huifanya tu iwe jukumu letu. Zamani tuliweza kusema kuwa hatukuelewa kwa sababu ni Kiingereza. Udhuru huo umekwisha.

Karani wa kijiji, mwandishi wa mihutasari ya mikutano, katibu wa ukoo: hao ndio waandishi wetu wanaosomwa kwa makini kuliko washairi, maana husomwa na watu waliokasirika. Wakishamaliza kuandika, naomba wajiulize katika kila tendo: mwenyewe ni nani? Na wajiulize wakati aliyesema angali hai wa kuwajibu.