Taa ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi 2025. Nyakanazi, usiku

Mzani tumepita salama. Ekseli zote sawa. Mzee, dereva wangu, kalala, mimi naandika kwa tochi ya simu.

Leo tena wametuita kobe. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu kashuka pale mzani, kaja kumfokea Mzee mbele za watu: umenikalia njiani tangu Runzewe! Mzee kamjibu "pole, mwanangu," basi. Imeniuma. Nje ya makazi lori linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa. Sisi leo hata 50 hatukuigusa. Lakini tani 28 za mbolea, na tela lenyewe hili! Wao hawalali nalo, hawalijui.

Jumanne, 4 Machi. Benaco

Chakula hakipiti.

Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kilomita 92, na milima yote imejaa humo. Tulikuwa tunateremka, gia ya tatu, 25, injini inashikilia mzigo. Breki Mzee anaigusa tu, hataki ichemke. Nikatazama kioo. Basi, Noah mbili, tangi la mafuta, wengine siwaoni. Basi linapiga honi. Linapiga. Mzee kawasha taa ya kulia: usipite. Likapita. Konani!

Na bodaboda huyo anapanda, kafungasha mikungu ya ndizi.

Aliingia majanini. Mzima. Alhamdulillahi, mzima. Mzee akasimama, nikaruka na jiwe la tairi, kisha sisi watatu tukaokota ndizi. Kijana hasemi neno, mikono inamtetemeka. Basi lilishapotea.

Mzee kasema, mimi sikuvunja sheria. Kweli. Ila kabla ya kona ile tulipita sehemu pana tatu. Nimezirudia kichwani. Tatu, tungeweza kukaa pembeni.

Saa tano usiku

Nimemwambia. Ulimi mzito, maana kazi hii kanifundisha yeye tangu kufunga turubai. "Mzee, mwendo wako nauamini, siku zote. Lakini tungewapisha." Kanyamaza. Kazima redio. Nimemkosea? Sijutii, lakini usingizi hauji.

Jumatano, 5 Machi. Rusumo, foleni ya mpakani

Mvua tangu alfajiri. Chai tumekunywa bila maneno.

Tukaingia barabarani. Sehemu pana ya kwanza, sijafungua mdomo, taa ya kushoto hiyo inawaka. Akakaa pembeni kabisa. Yakapita magari kumi na moja, nimeyahesabu. La mwisho likapiga honi mbili fupi za asante, Mzee akainua mkono. Moyo wangu ukatulia, hata sijui nisemeje.

Kisha tukaondoka. 25, kama jana.

Tukivuka daraja tunahamia kulia, upande wa Rwanda. Kanipa kazi: kaa na kioo, wakifika watano nyuma yetu niambie.