Asubuhi Moja Katika Skuli ya Maandalizi, Pemba

Zamani jirani wa Kipemba akimwona mtoto aliyekaribia miaka minne aliuliza jambo moja tu: "Keshapelekwa chuoni?" Siku hizi huongeza la pili: "Na maandalizi je?" Swali hilo la pili ndilo lililotukalisha, sisi wazazi wanane, asubuhi nzima katika skuli iliyo ubavuni mwa msikiti, kwenye kijiji kimoja cha Wilaya ya Chake Chake. Baadhi ya wazazi walikuwa wameileza kamati kwamba watoto wanacheza tu. Walitaka makabati ya vifaa yaondolewe, yaletwe madawati, na kila mtoto apewe daftari la kunakili. Posho za walimu wawili, akina mama wa hapo hapo kijijini, hutoka katika ada zetu. Wazazi wachache wakiwatoa watoto wao, mlango utafungwa. Kamati ikaona ni uadilifu kutazama kwanza, kisha kuhukumu.

Skuli za namna hii zina historia yake. Katika miaka ya 1980, Waislamu wa Pwani ya Kenya walitafuta njia ya kuwafanya watoto wao waingie skuli za msingi wakiwa tayari, bila ya kukosa malezi ya dini. Kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan kazi hiyo ilianzia Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa mwalimu wake wa mwanzo. Ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mafunzo ya Kiislamu yaliunganishwa na ufundishaji unaomwachia mtoto ashike, atende na achague mwenyewe. Ufundishaji huo una udugu na ule wa Dk. Maria Montessori, tabibu wa Kitaliana aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma tarehe 6 Januari 1907.

Tulipewa masharti matatu: tukae mkekani, tusimsemeshe mtoto asiyetusemesha, na tusimsaidie yeyote. La tatu ndilo lililokuwa zito.

Watoto walikaa duara, wakasoma Al-Fatiha na dua, kisha kila mmoja akataja kona anayoikusudia. Mvulana mmoja alichukua birika akawa anamimina maji vikombeni. Yakamwagika. Baba mmoja kati yetu alikwisha inuka nusu. Mwalimu akamtazama, akaketi. Mtoto alikwenda kuchukua kitambaa msumarini, akapangusa sakafu, akakirejesha kitambaa mahali pake, akaanza upya. Safari hii mkono wake ulikwenda polepole.

Binti wa miaka mitano aliteremsha ungo wenye karafuu zilizochanganyika na makonyo, akaanza kuchambua. Hapana Mpemba asiyeijua kazi hiyo. Msimu ukifika, nyumba nzima huketi usiku kuchambua. Alipomaliza alizihesabu karafuu kumi kumi. Mdogo wa miaka mitatu alikuja kuchungulia. Binti akamsogezea fungu dogo na kumwonesha konyo ni lipi. Hapana aliyemwamrisha. Pembeni, mwengine alikuwa akiandika kwa kidole kwenye sinia la mchanga: alifu, be, te. Akikosea husawazisha mchanga, akarudia.

Hapo ndipo tulipokumbuka chuo cha zamani. Humo wakubwa kwa wadogo hukaa jamvi moja. Kila mtoto ana somo lake, huyu yumo katika herufi, yule anakaribia kuhitimu. Hapana anayesogea mbele kabla hajalidhibiti alilopewa, na mkubwa humsikiliza mdogo. Ubao wa mbao ukiandikwa ukaoshwa, kama mchanga ule unavyosawazishwa. Basi mpangilio wa darasa lile, ambao baadhi yetu tuliuona wa kigeni, kwa sehemu kubwa ni wa kwetu. Kilichokosekana ni bakora tu, na kukosekana kwake hakukuleta fujo.

Wanavyuoni wetu hawakulinyamazia jambo hili. Imamu Al-Ghazali, katika Ihya, alihimiza mtoto aachiwe acheze mchezo mzuri baada ya masomo, na akaonya kwamba kumzuia na kumbana daima kwa masomo kunaufisha moyo wake. Ibn Khaldun, katika Muqaddima, aliandika kuwa ukali unawadhuru wanafunzi, khasa wadogo, kwa kuwa unawafundisha uongo na hila. Na Mtume wetu (S.A.W.) alisali hali amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama.

Baada ya watoto kuondoka, tuliuliza juu ya kuandika. Mwalimu alijibu kwamba vidole vitatu vinavyookota karafuu moja moja ndivyo vitakavyoshika kalamu. Mkono usiokomaa ukilazimishwa kunakili huchoka, na mtoto akaichukia skuli kabla hajaingia darasa la kwanza. Naye hakutuficha upungufu: watoto ni wengi kwa walimu wawili, vifaa vimechakaa, na ada huchelewa.

Kikao kilichofuata kiliamua makabati yabaki. Wale wa umri mkubwa watapewa madaftari mwishoni mwa mwaka, na kila nyumba italeta vifaa isivyonunua: vifuu, kombe za pwani, mbegu, vitambaa. Wazazi wawili walibakia na rai yao, na tuliwasikiliza kwa heshima.

Ndugu wazazi, maandalizi hayaondoi chuo, wala chuo hakiondoi maandalizi. Asubuhi na alasiri zote ni za mtoto mmoja. Kabla ya kumtoa mwanao, omba ruhusa ukae mkekani asubuhi moja, kimya. Kisha nyumbani mpe kikombe aoshe au kanga akunje, umwache amalize mwenyewe hata akikawia. Mtoto anayezoea kumaliza alichokianza na kurejesha kitu mahali pake ameanza kujifunza amana, na amana ni katika dini.

Allah atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.