Madoa Juu ya Kioo

Sukari haina rangi. Ukiikoroga katika maji inapotea machoni, na hata ukiimulika kwa taa ya urujuanimno, ile inayofichua dawa na vitamini nyingi, huoni kitu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa nilipoajiriwa kuwa fundi sanifu katika maabara moja ya chakula jijini Dar es Salaam mwaka 1983, na ndilo lililonifanya niipende kazi ile mpaka nastaafu. Kitu tunachokila kila siku katika uji, chai na matunda kilikuwa kimejificha, na njia ya kukitoa mafichoni ilikuwa rahisi kiasi kwamba maabara maskini iliimudu.

Njia hiyo ni kromatografia ya tabaka jembamba. Nikolai Izmailov na Maria Shraiber waliijaribu mjini Kharkiv mwaka 1938, wakichunguza dawa za mimea kwa matone juu ya vioo vidogo, lakini aliyeieneza duniani ni mfamasia Mjerumani Egon Stahl, kuanzia mwaka 1956. Unatandaza unga laini wa jeli ya silika juu ya kioo, unadondosha sampuli kwa kapilari karibu na ukingo wa chini, kisha unasimamisha kioo ndani ya tangi lenye kiyeyusho kidogo. Kiyeyusho kinapanda chenyewe na kuchukua sukari njiani. Silika huzishika kwa nguvu zaidi molekuli kubwa za sukari. Kwa hiyo glukosi na fruktosi hufika juu, sukrosi huchelewa, maltosi hubaki chini yake, na wanga wenyewe haubanduki pale ulipodondoshwa.

Miaka ile fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mabamba yaliyotoka kiwandani tayari yalikuwa anasa. Tulitengeneza ya kwetu. Tulikoroga silika yenye jasi, tukaitandaza juu ya vioo vya sentimita 20 kwa 20 kwa unene wa robo milimita, tukaiacha ishike, tukaikausha katika oveni. Vioo vilioshwa na kutumika tena. Msimu wa masika ulitutesa, maana silika hunywa unyevu wa hewa, na bamba lililokaa mezani Dar es Salaam asubuhi moja si bamba lile lililotoka kwenye oveni. Doa la glukosi lililopanda hadi hapa jana, leo linasimama pengine. Ndiyo maana sikuwahi kuamini namba zilizochapwa vitabuni kuhusu umbali ambao kila sukari husafiri. Nilichoamini ni sukari halisi, inayojulikana, iliyodondoshwa kwenye bamba hilohilo, siku hiyohiyo, kando ya sampuli. Vijana niliowafundisha baadaye walinilalamikia kwamba nawapotezea nafasi ya sampuli. Sikulegeza.

Kiyeyusho chetu cha kawaida kilikuwa sehemu 2 za butanoli, 1 ya asidi ya asetiki na 1 ya maji. Kinapanda polepole mno, kwa saa kadhaa, na harufu yake inang'ang'ania nguo mpaka nyumbani. Likishakauka, bamba ni jeupe vilevile. Hapo unalinyunyizia mchanganyiko wa anilini, difenilamini na asidi ya fosforiki ndani ya asetoni, ukiwa umevaa glavu na kabati la kufyonza hewa likivuma, kwa kuwa anilini ni sumu inayopenya ngozi. Kisha oveni, nyuzi 110, dakika kumi hivi. Rangi zinajitokeza: glukosi kijivu cha kuelekea samawati, fruktosi kahawia yenye wekundu, maltosi samawati. Nimelitazama jambo hili maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kulichoka. Sukari mbili zenye ladha inayokaribiana na fomula moja, C6H12O6, zinasimama mbele yako kwa rangi tofauti.

Kazi iliyonishika zaidi ilikuwa ya kimea. Mama anayempikia uji mtoto wa miezi minane yuko katika shida ambayo si ya uvivu wala ujinga. Akitia unga wa kutosha kumlisha, uji unakaribia ugali na mtoto hawezi kuumeza. Akiufanya mwepesi, unga unabaki kama sehemu 5 tu katika 100, na tumbo dogo linajaa maji kabla mwili haujapata chakula. Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini, wakiwemo wa taasisi ya taifa ya chakula na lishe iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, walihimiza kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho tayari kwenye togwa: nafaka iliyooteshwa. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa siku mbili tatu, unaanikwa, unasagwa. Kijiko cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kiasi, dakika chache baadaye uji unalegea na kunyweka bila kuongezwa tone la maji. Unauchemsha tena kidogo kuua vijidudu, mtoto anakula.

Swali lililoletwa kwetu lilikuwa: wanga umefanywa nini? Tulichota uji kila baada ya muda mfupi na kuutia katika ethanoli ya moto, ili vimeng'enya vikome palepale na wanga ujitenge. Kimiminika kilichobaki tulikidondosha kwenye bamba kwa mfuatano wa muda. Tulilipandisha bamba, tukalikausha, tukalipandisha tena, maana minyororo mirefu haiachani kwa safari moja. Kilichotokea baada ya oveni kilikuwa ngazi: glukosi juu, maltosi chini yake, kisha mnyororo wa glukosi tatu, wa nne, wa tano, vipandio vikizidi kukaribiana hadi vinapotea katika doa zito la chini.

Ngazi ile ilitueleza jambo ambalo kijiko kisingeweza. Uji ulikuwa umeshalegea wakati doa la maltosi bado hafifu. Kimeng'enya kinachokata mnyororo wa wanga katikati hakihitaji kukata mara nyingi ili uzito wa uji uvunjike; utamu huja baadaye, kimeng'enya kingine kinapochonga vipande kutoka mwishoni. Kwa hiyo mama hakuwa na haja ya kungoja uji uwe mtamu ndipo ajue kwamba kimea kimefanya kazi. Na kwa mtama tulisisitiza kuondoa vichipukizi, kwa sababu machipukizi ya mtama yana dhurini, ambayo hutoa sianidi. Ulezi hauna tatizo hilo.

Rangi za bamba hazidumu, basi tulikuwa tukizichora juu ya karatasi ya kupitisha mwanga. Mchoro mmoja nilienda nao Bagamoyo. Mama mmoja aliutazama sana, akaniuliza, "Sasa dada, hiyo sukari mmeitia nyinyi?" Nikamwambia, "Hapana mama, imetoka humohumo ndani ya unga wako." Alicheka, akawaita wenzake waje kuona.

Safari hizo za pwani zilinikutanisha pia na wagema. Utomvu wa mnazi unaposhuka una sukrosi nyingi, na nilitaka kuiona ikigeuka. "Mwanangu, tembo halisubiri mtu," aliniambia mzee mmoja niliyemwamkia chini ya mnazi wake, na ni kweli: chachu imo kibuyuni kabla tembo halijateremshwa. Sampuli nazo nilizizima kwa ethanoli palepale. Ili glukosi na fruktosi ziachane vizuri tulifuata njia ya Stahl na Kaltenbach ya mwaka 1961, ya tabaka lililolowekwa asetati ya sodiamu. Kwenye bamba sukrosi ilififia saa baada ya saa, madoa mawili yaliyozaliwa nayo yakakolea, kisha nayo yakaanza kwisha. Glukosi ilitangulia kutoweka, kwa kuwa chachu huipenda zaidi, na ule wekundu wa fruktosi ukabaki nyuma. Kati ya tembo tamu la asubuhi na tembo kali la jioni kuna mambo mengi kuliko mnywaji anavyodhani.

Asali ndiyo iliyonipa mzigo, maana hapo doa linagusa riziki ya mtu. Kanuni za kimataifa za chakula, Codex, zinataka glukosi na fruktosi kwa pamoja zisipungue gramu 60 katika 100, na sukrosi isizidi gramu 5 kwa asali ya kawaida. Mnunuzi mmoja aligoma kuwalipa warina asali wa Tabora, akidai wametia sukari ya dukani. Nilidondosha asali yao kando ya sukrosi ya kipimo cha 5. Doa lao lilikuwa hafifu zaidi. Nilitafuta pia ngazi ya maji ya sukari yanayotokana na wanga wa mahindi, haikuwepo.

Mwakilishi wao aliniomba niandike neno moja, "safi". Nilimheshimu, na nilikataa. Sukari ya miwa ikichemshwa na asidi huvunjika kuwa glukosi na fruktosi zilezile za asali, na bamba langu haliwezi kuzitofautisha. Kinachoweza ni kupima kaboni-13, kwa sababu miwa na mahindi hutengeneza chakula chao kwa njia tofauti na maua mengi ambayo nyuki huyatembelea, na kipimo hicho hatukuwa nacho. Niliandika kwamba sukrosi iko chini ya kikomo, kwamba hakuna dalili ya sukari ya wanga, na kwamba sukari iliyovunjwa kwa asidi haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa njia hii. Nikaambatisha mchoro wa bamba, kila doa la kulinganishia likiwa na jina lake, ili anayeshuku achukue rula apime mwenyewe. Mnunuzi aliupima, akalipa.