Hodi Kilindoni: Mgeni kutoka China na Adabu ya Kuingia Nyumba ya Watu

Alhamisi moja ya mwezi wa Novemba, msimu ambao papa potwe huonekana baharini mbele ya Kilindoni, tulisimama gatini watu watatu wa kamati ya msikiti, tukingoja chombo kutoka Nyamisati. Jamaa yetu mmoja, mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye huenda Guangzhou kununua bidhaa, alikuwa ametuletea salamu kwamba rafiki yake anakuja Mafia yeye na mkewe, na kwamba ni Waislamu wenzetu wa kabila la Hui. Alituomba tuwapokee kama ndugu.

Walishuka pamoja na magunia ya mchele na abiria wengine, mama akiwa katika stara yake, bwana akiwa na kofia nyeupe. Mpagazi mmoja alitunong'oneza: "Ustadhi, na hawa ni Waislamu?" Kabla hatujamjibu, mgeni alikwisha kutoa salamu kwa sauti ya wazi, na mpagazi yule akawa wa kwanza kuitika.

Tuliwaketisha barazani tukawapa maji ya madafu. Hapo mgeni akafanya jambo ambalo hatukumwomba. Alitoa pasipoti yake, akaifungua penye muhuri wa Uhamiaji, akaiweka mbele ya imamu wetu, akatueleza kwa Kiarabu cha chuoni kwamba apendavyo yeye ni mwenyeji wake ajue kuwa ameingia kwa mlangoni. Imamu, ambaye ni mzee wa miaka mingi na hasomi maandishi ya viza, aliigusa tu pasipoti ile, akairudisha kwa mikono miwili. "Umepiga hodi, mwanangu," akasema, "nasi tumeitika. Karibu."

Sisi tulinyamaza, kwani neno lile lilitupata mahali pabaya. Siku hiyohiyo, katika mkoba wa katibu, mlikuwa na barua nyingine iliyohusu mgeni mwingine, ambayo tutaieleza mbele.

Waislamu tunaijua adabu ya hodi tangu madrasa. Allah (SWT) katika Surat An-Nur ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi bila kinyongo. Mtume wetu (SAW) ametufundisha kwamba hodi ni mara tatu, na asiyeitikiwa aondoke. Nchi nayo ni nyumba, na viza ni hodi yake. Ndiyo maana tumeona vyema kuzieleza familia zetu namna mgeni kutoka China anavyoingia Tanzania hadi kufika kisiwani kwetu, kwa kuwa wageni hawa wanaongezeka, na wengi miongoni mwetu huombwa kuwapokea, kuwapangisha au kuwaandikia barua bila kujua sheria inasema nini.

Kwanza, Mafia haina mlango wake wa kimataifa. Uwanja wetu wa ndege wa Kilindoni hupokea ndege ndogo za ndani, na gati letu hupokea vyombo vya Nyamisati. Mgeni huingia nchini kwanza, mara nyingi kwa uwanja wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, na huko ndiko hodi inakopigwa. Pasipoti yake yafaa iwe na muda usiopungua miezi sita. Raia wa China huhitaji viza, naye huweza kuiomba kwa mtandao wa Idara ya Uhamiaji kabla ya kusafiri, utaratibu ulioanza mwaka 2018. Ada ya viza ya kawaida ya matembezi ni dola 50 za Marekani, nayo humruhusu kuingia mara moja na kukaa hadi siku 90. Anayekuja kwa shughuli za biashara za muda mfupi huomba viza ya biashara, ambayo ada yake ni dola 250. Hapa pana tahadhari: zipo tovuti za watu binafsi zinazojifananisha na za serikali na kutoza fedha nyingi zaidi. Mwenye mgeni amwelekeze kwenye tovuti ya Uhamiaji yenyewe.

Pili ni afya. Mtu anayetoka China moja kwa moja hadaiwi cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Lakini wasafiri wengi hupitia Addis Ababa au Nairobi, na Ethiopia na Kenya zimo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Akisubiri ndege huko zaidi ya saa 12, cheti kitatakiwa, na chanjo huhesabiwa kuwa imefanya kazi baada ya siku 10. Mgeni wetu alilala Addis Ababa usiku mzima, na kadi yake ya manjano ilikuwa ndani ya pasipoti.

Tatu ni mambo madogo yanayowasumbua watu wakubwa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, na msafiri hatakiwi kuingia nayo. Akitaka kuvuka kwenda Zanzibar, ajue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa huko hulipia bima ya safari ya dola 44. Na akifika kwetu akataka kwenda Utende, Chole au Juani, atakuta lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambako hulipa ada kwa kila siku anayokaa ndani yake.

Baadhi ya vijana wetu huona karatasi zote hizi kuwa ni uzushi wa wakoloni. Mipaka mingi ni ya wakoloni kweli, na sisi wa Mafia tunaujua ushahidi wake. Hadi mwaka 1890 kisiwa hiki kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kisha Waingereza na Wajerumani wakapatana Ulaya, Mafia ikaingia mkononi mwa Wajerumani pamoja na pwani ya Bara, na Sultani akalipwa marki milioni nne. Mtu alilala akiwa raia wa Unguja, akaamka chini ya bendera nyingine. Lakini hodi yenyewe ni kongwe kuliko mipaka hiyo.

Katika kitabu cha Kiarabu cha habari za China na India cha mwaka 237 Hijria, sawa na 851 Miladia, ambacho hunasibishwa na mfanyabiashara Sulayman, imeelezwa kwamba msafiri ndani ya China alichukua hati mbili. Moja ilitaja jina lake, umri wake na watu alioandamana nao, na ya pili ilitaja fedha na bidhaa zake. Vituo vya njiani vilizisoma na kuandika siku aliyopita. Faida yake ilikuwa kwamba mali ikipotea, au mwenyewe akifa ugenini, ilijulikana ni ya nani ikarudishwa kwa warithi. Kitabu hichohicho kinaeleza kwamba katika bandari ya Khanfu, ndiyo Guangzhou ya leo, Waislamu waliwekewa mwenzao wa kuwahukumu na kuwasalisha. Naye Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na baadaye akaenda China, ameandika kwamba wageni huko walichorwa sura zao, ili mwenye kosa akikimbia apate kutambulika. Picha ya pasipoti, basi, si ngeni sana.

Jumamosi tuliwapeleka wageni Kua. Tulikwenda kwa gari hadi Utende, tukapanda mashua, tukaipita Chole yenye popo wakubwa, tukaingia Juani maji yakiwa yamejaa, kwani yakipwa mashua hukaa mbali na nchi kavu. Kua ni mji uliokufa. Kuta za msikiti zimesimama kati ya miti, na mizizi imeyakumbatia mawe kama mkono wa mtu. Inasimuliwa kwamba Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia mwanzoni mwa karne ya 19, na haukuinuka tena.

Chini, kwenye majani makavu, mama yule aliona kigae cheupe chenye ua la buluu. Alikiokota, akakiangalia muda mrefu, akamwita mumewe. Vigae vya China vimetapakaa katika magofu mengi ya pwani yetu, Kua na Kisimani vikiwamo. Watu wa China walifika pia wenyewe: merikebu za Zheng He, Mwislamu wa Yunnan aliyezaliwa mwaka 1371, zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi katika karne ya 15, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wao. Tulimwambia mama yule kwamba sheria ya mambo ya kale hairuhusu kuondoka na kitu mahali hapo. Alitabasamu, akakirudisha kigae palepale alipokiokota, akakielekeza ua lake juu.

Tulipoketi kivulini, mgeni aliuliza kama mji huu una hadithi. Tukamsimulia ile tuliyoipokea kwa wazee wetu. Watu wa Kisimani walikuwa wanashua chombo kipya, wakawaalika watu wa Kua. Wageni walipofika, wenyeji wakawakamata watoto wao, wakawalaza mchangani, chombo kikapitishwa juu yao. Watu wa Kua walirudi kwao wakanyamaza miaka mingi. Kisha nao wakawaalika watu wa Kisimani harusini, wakawakaribisha katika chumba cha chini ya ardhi. Watu wa Kua wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwazungumza wageni, na mlango ukajengwa kwa mawe hadi mwisho. Wazee husema mifupa ingalimo humo.

Mgeni alikaa kimya. Kisha akasema: "Basi miji yote miwili iliharibiwa na mwaliko wa uongo."

Sasa tuieleze ile barua. Ilitoka kwa mtu wa Dar es Salaam, Mtanzania mwenzetu, akiomba kamati imwandikie raia mmoja wa kigeni mwaliko kwa karatasi ya msikiti na muhuri wake, kwamba anakuja kuzuru Waislamu wa Mafia kwa siku chache. Kwa mdomo alitueleza ukweli: mtu huyo anataka kukaa miezi, akikusanya jongoo bahari kutoka kwa wavuvi wetu, biashara ambayo kwa miaka mingi imewekewa marufuku upande huu wa Bara, na hakutaka kulipia viza inayostahili wala kufuata vibali. Kwa wema huo angetuletea tangi la maji la lita 5,000 na pampu yake.

Msomaji asituhukumu upesi. Tangi letu lilipasuka tangu Ramadhani. Watoto wa madrasa huja na maji ya kutawadhia katika madumu vichwani, na mama zao huyateka mbali. Tulipojadili baada ya sala ya Isha, wapo waliosema: "Ni karatasi tu." Tunakiri kwamba sisi tulioshika kalamu tulikwisha kuandika rasimu, na muhuri ulikuwa umebaki kugongwa.

Jioni ya Jumamosi, tuliporudi kutoka Juani, tuliitoa rasimu ile mbele ya imamu na wenzetu, tukaichana. Mwaliko ule ulikuwa wa uongo kama ile miwili ya hadithi. Walioalikwa kudanganywa ni maofisa wa nchi, na ambao wangelipa ni wavuvi wetu, pindi bahari itakapokuwa tupu au pingu zitakapofika. Sheria nayo haimwachi mwenyeji: kutoa maelezo ya uongo ili mtu apate kuingia, au kumhifadhi aliyeingia kinyume cha sheria, ni kosa. Na tangu Julai 2025 zipo aina 15 za biashara ndogo ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, uongozaji wa watalii ukiwamo, na raia anayemsaidia kuzifanya hutiwa hatiani pia.

Baadhi ya waumini walitununia, na mmoja alituuliza hadharani kama karatasi safi itawatawadhisha watoto. Hatukuwa na jibu la kumridhisha. Mgeni wetu hakuambiwa habari ya tangi, kwa sababu hatukutaka ukarimu wetu kwake ugeuke kuwa deni. Jumatatu waliondoka na chombo cha asubuhi, na mpagazi yule aliyeuliza Alhamisi ndiye aliyewabebea mizigo, akakataa ujira.

Wazazi, watoto wetu wa Mafia wataishi katika dunia ya kupokea wageni na ya kuwa wageni. Wako wanaokwenda Guangzhou kwa biashara, wako wanaojiandaa kwa Umra na Hija, na kila mlango una hodi yake. Tuwafundishe kuandika majina yao sawasawa katika vyeti, kutosema uongo katika fomu hata kwa neno moja, na kutoazima muhuri wa watu kwa shida ya siku moja. Atakayeombwa barua ya mwaliko ajiulize kwanza kama yu tayari kuisoma mbele ya jamaa msikitini.

Changizo la tangi linaendelea kila Ijumaa baada ya sala. Bado hatujafika nusu. Watoto wangali wanakuja na madumu yao, nasi tunawapokea mlangoni. Allah atujaalie tuwe wageni wenye adabu na wenyeji waaminifu. Amin.