Nyumba Bila Kiwanja

Katika Mombasa ipo desturi ya miaka mingi ambayo huwashangaza wageni. Mtu huweza kuwa mwenye nyumba bila ya kuwa mwenye kiwanja. Kuta ni zake, paa ni lake, milango ni yake. Lakini ardhi iliyo chini ya msingi ni ya mtu mwingine, naye hulipwa kodi yake. Siku za mapatano hapana aikumbukaye tofauti hiyo. Siku ya ugomvi hapana jambo jingine likumbukwalo.

Desturi hii yaeleza vema hali ya watu wa kazi moja ngeni, nao ni wale watungao michezo ya video bila ya kuajiriwa na kampuni kubwa. Mtungaji wa namna hii aghalabu hufanya kazi peke yake, au pamoja na wenziwe wawili watatu. Huandika programu, huchora picha, hutafuta muziki, na hula akiba yake mwaka mzima au zaidi kabla ya kuona senti ya kwanza. Mchezo aumalizapo ni mali yake. Walakini mchezo si kama kitabu. Kitabu kikiisha kuchapwa hakimhitaji tena mchapaji. Mwenye macho na taa hukisoma. Mchezo hauwezi kusimama hewani. Hutaka mtambo wa kuuchezea, na mtambo ni kiwanja cha mwenziwe.

Kwa muda mrefu viwanja hivyo vilizungukwa na kuta ndefu. Kampuni zilizounda mitambo ya kuunganishwa na televisheni zilichagua nani aingie na nani abaki nje. Aliyetaka kuingia alihitaji idhini, mikataba, na vyombo maalumu vya kutengenezea ambavyo bei yake haikuwa ya maskini. Dirisha lilifunguliwa hapa na pale, lakini dirisha si mlango.

Ndipo Julai 2012 kikasikika kishindo Marekani. Julie Uhrman na wenziwe walitangaza mtambo mpya ulioitwa Ouya, mchemraba mdogo uwezao kushikwa kwa kiganja kimoja, wa bei ya dola 99. Waliuomba umma uchange kwa njia ya Kickstarter. Waliomba dola 950,000. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii kibaba kilifurika: watu zaidi ya 63,000 walichanga zaidi ya dola milioni 8.5.

Hapana shaka kwamba bei ndogo iliwavuta wengi. Lakini kilichowavuta watungaji ni ahadi. Mtambo uliendeshwa na Android, programu ambayo wengi wao walikwisha kuizoea katika simu. Kila mtambo uliouzwa dukani uliweza kutumiwa kutungia michezo, bila ya kununua chombo cha pili. Katika kila mauzo mtungaji alichukua asilimia 70, na mwenye mtambo asilimia 30. Sharti kubwa lilikuwa moja: kila mchezo uwe na sehemu ya kuonjwa bure. Kwa mtu aliyezoea kubisha hodi bila ya kuitikiwa, maneno haya yalikuwa karibu ya kweli.

Duka lilifunguliwa kwa watu wote Juni 2013. Kati ya michezo iliyotokea humo, ulioshinda kwa sifa ni TowerFall, uliotungwa na Maddy Thorson. Wachezaji hadi wanne hukaa mbele ya televisheni moja, kila mmoja na mpiga upinde wake. Mishale ni michache. Aliyeimaliza hana budi kukimbilia ile iliyokwama ukutani, au kuudaka wa adui ungali hewani. Kanuni zake mtoto huzifahamu kwa dakika chache, na mtu mzima hukesha akitafuta ustadi wake. Wengi walisema kwamba mchezo huu peke yake ulitosha kuwa sababu ya kuununua mtambo.

Lakini walioununua walikuwa wachache, na katika hao wachache wengi walionja wasinunue. Mwenye kiwanja, akitaka kuwavuta watungaji zaidi, alitangaza mwaka ule ule mfuko wa dola milioni moja. Mtungaji akichangiwa na umma dola 50,000 au zaidi, mfuko ungemwongezea kiasi kama hicho, naye angeuacha mchezo wake ukae katika Ouya peke yake kwa muda. Shaka iliingia mapema juu ya uhalisi wa baadhi ya michango, na masharti yakabadilishwa. Hatimaye, Julai 2015, kampuni ya Razer ilinunua duka na programu zake, bali mtambo wenyewe haikuuchukua. Baadhi ya watungaji walikuwa wamekwisha kutumia fedha walizoahidiwa kabla hawajazipokea. Baada ya malalamiko yao Razer ilisema kwamba italipa. Tarehe 25 Juni 2019 seva zilizimwa, na duka likafungwa.

Je, watungaji hao walidanganywa? Mwenye haki hawezi kusema hivyo kwa wepesi. Mlango uliahidiwa kuwa wazi, na kweli ulikuwa wazi. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba mlango wazi ni sawa na soko lililojaa. Mwenye kiwanja aliwaita mafundi kabla ya wanunuzi. Na fundi hali sifa.

Tazama, hata hivyo, mwisho wa wawili. Thorson, baada ya miezi michache, aliupanua mchezo wake na Machi 2014 akaupeleka katika PlayStation 4 na katika kompyuta za kawaida, ambako ulipata wanunuzi wengi. Fedha na jina vilivyotoka humo vilisaidia kazi iliyofuata, na mwaka 2018 ukatoka Celeste, mchezo uliosifiwa duniani kote. Huyu aliifungua nyumba yake mbao kwa mbao akaisimamisha penginepo. Wa pili ni yule ambaye mchezo wake ulikuwa katika duka lile tu. Seva zilipozimwa, mchezo wake haukuwa na pa kuuzwa, na kama nakala zilisalia, zilisalia kwa huruma ya wapenzi wachache waliozihifadhi.

Wako watakaosema kwamba wa kwanza alikuwa na busara na wa pili hakuwa nayo. Maneno hayo ni nusu ya haki. Kuhama hutaka nauli, na aliyekula akiba yake yote katika kujenga hana nauli. Kwa hiyo mwenye kuwaita wengine wajenge katika kiwanja chake huchukua dhima kubwa kuliko ile iliyoandikwa katika mkataba. Ahadi ni deni, na deni hili halilipwi kwa kufungua mlango tu. Hulipwa pia kwa kuwaambia wajenzi mapema, wakingali na nguvu za kubeba mbao zao, siku ambayo mlango utafungwa.