Kutoka Wundanyi Hadi Chumba cha Eksirei

Matatu ya Wundanyi huteremka zile kona za kwenda Mwatate kwa mwendo wa kumkumbusha abiria sala zake. Shangazi hakuzijali kona. Hofu yake ilikuwa mashine. Jirani alimwambia kwamba eksirei ya matiti ndiyo inayoleta saratani.

Voi tukapanda treni, Miasenyi na Mariakani zikapita, tukalala kwa binamu Changamwe. Ilikuwa mara yetu ya kwanza, yeye kupimwa na mimi kumsindikiza.

“Mama, umepaka pafyumu ya kwapani?” mpiga picha alimuuliza kesho yake, katika chumba cha eksirei. Shangazi alikuwa amejiremba kama aendaye harusini. Akaambiwa aoshe yote. Dawa nyingi za kwapa zina alumini, nayo kwenye picha hutokea kama vidoa vyeupe, sawasawa na chembe za chokaa ambazo huweza kuwa dalili ya mapema ya saratani. Kisha titi likawekwa juu ya bamba, bamba jingine la plastiki likashuka likalibana. “Shika pumzi, mama.” Shangazi alikunja uso. Mkono wa mashine ukapita juu yake kwa upinde mfupi, na kabla hajalalamika bamba likaachia.

Mamografia, yaani eksirei ya matiti, ya zamani hulitoa titi zima katika picha moja bapa. Kwa mwanamke mwenye matiti yenye nyama nyingi kuliko mafuta, nyama hiyo huonekana nyeupe na uvimbe nao mweupe, basi huo uvimbe hujificha. Hii mpya, tomosinthesisi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, hupiga picha nyingi kutoka pembe mbalimbali, kompyuta ikazipanga katika tabaka za unene wa milimita moja hivi. “Ni kukata boflo,” mpiga picha alisema. “Zabibu iliyo katikati utaiona.”

Na jirani? Mionzi ya mamografia ya kawaida inakaribia ile ambayo mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa wiki saba hivi. Ningemwogopa zaidi dereva wa matatu.

Picha za shangazi zilikuwa safi. Lakini kipimo cha dakika chache hakistahili safari ya kulala njiani, na mashine ikiletwa karibu bila daktari wa kuzisoma picha, itabaki samani.

Mwongozo wa Kenya wa mwaka 2018 unataka mwanamke wa miaka 40 hadi 55 apigwe mamografia kila mwaka, na wa 56 hadi 74 kila baada ya miaka miwili. Ukipapasa uvimbe, usingoje umri wala miadi: nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii.